Mkono wa Fundi wa Kanduyi

Fundi wa cherehani wa Kanduyi anasomea ualimu wa chekechea kwa simu. Darasa huanza saa nane mchana, wakati kinu cha mahindi cha jirani kinanguruma, kwa hiyo hujiandaa tangu asubuhi. Huchaji simu, hununua bando, hupakua somo kabla mtandao haujalemewa, kisha huisimamisha simu ndani ya mkebe wa vifungo. Wateja wamezoea: anayeingia saa nane hutundika nguo yake kimya, akaondoka. Mimi nilitoka Kitale na suruali iliyochanika, nikaonyeshwa kiti kwa kidole.

Siku hiyo mwalimu alionya kwamba atakayenyamaza tena hatapelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Akauliza: mtoto anayekataa kushika penseli utamsaidiaje? Fundi akainua mkono. Mkono wenyewe, wenye chaki kwenye kucha, juu kabisa, ilhali kamera ya simu ilikuwa imezimwa. Mwalimu akarudia swali. Mkono ukabaki juu.

“Mama, si hakuoni, bana,” mwenye kinu akaita kutoka mlangoni. “Bonyeza uongee.”

“Na hiyo kelele yako je, Wakhungu?”

Wakhungu akacheka, akazima kinu. Wanawake waliopanga foleni na madebe yao wakanyamaza. Fundi akabonyeza.

“Mwalimu, mimi ningempa kwanza chaki ya kuchorea kitambaa,” akasema. “Ni pana, haimponyoki.”

“Endelea,” mwalimu akasema.

Akaendelea, mkono ungali juu.