Ng'ombe Walikuwa Wapi

Harufu ya chaki hunishika mahali pabaya. Hata hii ya mchezo wa pool, hapa mtaani Kaptembwo. Marafiki wakiniona nimenyamaza wanadhani naogopa kushindwa, na kweli pia naogopa. Lakini huwa nimerudi kijijini Keringet kwa Kugo, babu yangu, mwalimu aliyestaafu ambaye koti yake ilinuka chaki miaka mingi baada ya kuacha kazi.

Nyanya, mke wake, hakuonja darasa. Alipoanza kusahau tulijua mara moja: aliweka chumvi kwa chai, akauliza habari ya watu tulishazika. Akapelekwa hospitali mapema, tukajifunza kumchunga. Kugo naye tuliona yuko sawa. Yeye akikutaka, alikuwa anakutega na swali kwanza.

"Wewe, ng'ombe walikuwa wapi ulipozaliwa?"

"Walikuwa wanarudi nyumbani, Kugo."

"Basi Kiprotich, leta kiti."

Kwetu jina hufuata saa uliyozaliwa. Ng'ombe wakirudi, wewe ni Kiprotich. Wakienda malishoni asubuhi, Kipng'etich. Tulipenda hiyo swali kuliko sukari. Niliambia wenzangu Kugo hawezi staafu, hata akilala anasahihisha.

Halafu jioni moja baba yangu akaja, kifungua mimba wa Kugo. Mzee akamwangalia sana.

"Wewe, ng'ombe walikuwa wapi ulipozaliwa?"

Tukacheka. Baba pia akacheka. "Si wewe ndio ulikuwa nao, mzee. Niambie."

Kugo akanitazama mimi, vile mwanafunzi huangalia daftari ya jirani. Hapo ndio baba akaacha kucheka.

Daktari wa Nakuru alitueleza kwamba kichwa iliyosoma mara nyingi huwa na njia za panya nyingi. Ugonjwa ukifunga moja, inapitia ingine, hata miaka, na watu wa nyumba hawajui. Zikiisha, mtu anaanguka haraka. Mimi niliishia darasa la nane. Yangu ikianza, mtaijua asubuhi na mapema.

Ikawa hivyo. Kabla mahindi ivunwe, Kugo alikuwa amempita nyanya kwa kusahau.

Miaka yote hiyo tulidhani anatufundisha. Kumbe alikuwa anatuomba majina yetu.

Baba alizoea kuingia akijitaja kwanza, asisubiri kuulizwa. "Ni Kipng'etich, mzee. Kijana yako."

"Najua," Kugo alikuwa anasema, halafu anampa mkono kwa heshima, vile mtu husalimia mgeni.