Wimbo Uliosafiri kwa Alama ya Didas

Yustina hakuwa mwanamuziki wa kutafutwa na magazeti. Ni mnunuzi wa nguo za watoto kwenye majumba ya jumla ya Guangyuan Xilu, hapa Guangzhou, Mhaya wa Bukoba mwenye ulimi usio na breki. Ila kabla ya kuja China alikaa Israeli mwaka mzima akijifunza kilimo, akatoka huko na Kiebrania kinywani. Basi yeye, Careen na Jovitha, wanunuzi wenzake, wakaanza kuimba Kiebrania kwa magitaa ya kwetu. Wakajiita Marobota Matatu. Watu waliwacheka kwanza, kisha wakacheza.

Kikundi kiliishi miezi saba tu. Viza ya Careen ikaisha, Jovitha akaolewa Nairobi, kwisha habari.

Kabla ya kuachana walijaza nyimbo zao kwenye flashi mia tatu za kuuzwa Kariakoo. Mzigo ulikuwa kiduchu, wakauchomeka ndani ya robota la Didas, mnunuzi wa viatu wa soko la Zhanxi. Ndivyo tufanyavyo Guangzhou: mwenye mzigo mdogo hupanda mgongoni mwa mwenye mkubwa. Robota likapigwa alama ya Didas, jina la mwenye mzigo. Lilipofunguliwa Dar, mji mzima ukaziita nyimbo za Didas. Na huyo bwana, bila hata chembe ya haya, akaitika.

Leo, miaka tisa baadaye, hakuna harusi ya Watanzania hapa inayokwisha bila wimbo wao mmoja, na kila kikundi kipya kinaiga sauti zile tatu. Jumamosi iliyopita, harusini, mshereheshaji akamwita Didas mbele, eti baba wa wimbo, akavishwa kitenge. Yustina alikuwa pale na sahani yake ya pilau. Damu ikamchemka, na nani isingemchemka? Mtu anakula jasho lako huku unamtazama.

Akamfuata palepale, akamtaka awataje Careen na Jovitha. Didas akatabasamu.

"Dada Yustina, wewe mwenyewe laoban, bosi wa mizigo, kazi unaijua. Mzigo ni wa mwenye alama."

Yustina akachukua kipaza sauti. Akauliza ukumbi kama kuna anayejua wanachoimba miaka yote hii. Akawatafsiria kiitikio, taratibu:

"Sisi wanawake watatu tumewavisha watoto wa Kariakoo nzima, wetu tumewaacha kwa bibi zao."

Kisha akamkabidhi Didas kipaza sauti.

"Haya, imba, mwanamke wa nne."