Uso wa Honorable Mlangoni

Wiki iliyopita, huku ughaibuni, mkahawani Flagey, nilimwona honorable mmoja, mbunge wa kwetu Kivu. Amezeeka. Alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba maisha yake yote ametetea ukweli, na palepale nikanusa sombe, yaani kisamvu, na pasi ya moto, harufu za nyumba yetu ya Evere, alasiri moja ya mvua nilipokuwa mtoto.

Maman alikuwa akishona. Watu wa honorable walikuwa wamewagawia akina maman wa mtaa wa Saint-Josse vitenge vyenye uso wake, naye maman akaviomba vyote kutoka kwa wenzake. Sauti ya honorable ilikuwa redioni ikisema hakuna aliyeuawa sokoni kule kwetu, wanaolia ni waongo. Sikujua bado kwamba mjomba wangu aliuawa katika soko lile, na kwamba maman mwenyewe ndiye aliyeufunika mwili wake. Niliona tu jinsi alivyoukata ule uso bila kuuharibu, nikadhani anampenda sana.

Kisha akautandika sakafuni mlangoni, macho yakitazama juu. Nikadhani amemweka pale awakaribishe wageni.

"Mupanguse miguu, batoto," alisema, cherehani ikiendelea kulia. "Muzuri. Mupaka ku macho yake."

Pale Flagey sikubishana naye. Nilimsalimia kwa adabu.

"Papa honorable, maman anakuita ukuje kula kwetu dimanche."

Akafurahi, akakubali kuja Jumapili hiyo.

Kitambaa cha mwisho chenye uso wake nimekifua na kukipiga pasi. Naomba mvua inyeshe. Maman ameomba jambo moja tu: yeye ndiye amfungulie mlango, amwambie apanguse miguu.