Kiti cha Mwalimu Syombua

Mwalimu Syombua alikuwa akilipia bima ya nyumba yake ya mawe huko Kalama tangu mumewe, sasa marehemu, alipomaliza kuiezeka. Mwaka huu kampuni ilimtumia ujumbe ikimwita mteja wetu mpendwa, kisha ikapandisha malipo karibu maradufu. Mapenzi ya namna hiyo utayapata kwa watu wanaotaka pesa zako tu. Pensheni yake ilikuwa ile ile.

Alishuka Machakos mjini kwa Omar, wakala anayeuza bima za kampuni nyingi. Omar alimwamkia kwa heshima, akapiga simu huku na kule. Kila kampuni ilikuwa na lake: mbao za paa zimechakaa, nyaya za stima ni za zamani, mama anaishi peke yake.

"Hii ya mwisho iko na bei ya chini, mama, lakini ni ya moto peke yake. Upepo ukibeba mabati, hawalipi."

"Hata hiyo siwezi, kijana wangu."

Omar akakuna kichwa. "Na huko kwenu hakuna kikundi? Watu wa kushikana mkono?"

Kilikuwako. Wanawake wa Kalama wana mwethya, kikundi cha kufanyiana kazi kwa zamu: leo wanachimba matuta kwa huyu, kesho wanamjengea yule aliyeunguliwa. Syombua alikuwa mmoja wao. Alipopata bima, hakuona tena haja ya kubeba mchanga kichwani. Siku za kazi alituma faini ya kutofika kwa simu, kamili, akadhani amemaliza. Hata jiko la jirani yake Winfred lilipoteketea, mchango wake ulitangulia michango ya wote, na mwenyewe akabaki nyumbani akisikiliza redio. Walizipokea pesa zake, na taratibu wakaacha kumwita.

Aliporudi kutoka mjini, nyumba ilimwonekea kubwa mno. Watoto wake walikuwa mbali. Mmoja yuko Mlolongo, na Mlolongo si mbali kiasi hicho. Aliogopa moto, ndiyo, lakini aliogopa zaidi kupiga mayowe asitokee mtu.

Siku ya mwethya ilipofika alijifunga leso, akachukua jembe, akaenda shambani kwa Winfred, nyuma ya nyumba yake, walikokuwa wakichimba huku wakiimba. Wimbo ukakatika. Wakaja kumsalimu vizuri, mmoja mmoja, kwa mkono.

"Nimekuja kufanya kazi," akasema.

"Karibu, Mwalimu." Winfred akampokea jembe, akaliegemeza ukutani, akapangusa kiti na kukiweka kivulini. "Keti hapa. Hatuwezi fanyisha mgeni kazi."

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililomchoma Syombua. Angetukanwa, angejitetea; angetozwa faini, angelipa. Wenzake wakarudi kwenye matuta, wimbo ukaendelea. Akaletewa chai ya maziwa katika kikombe kizuri, kile cha wageni. Aliinywa yote, polepole, na hakuna aliyemwambia aharakishe, kazi inamngoja.