Pembe Kumi na Moja za Fundi

Jumapili ile fundi seremala alikuwa na pembe za ndovu kumi na moja, na mchezo wangu ulikuwa unakufa. Pembe zenyewe zilikuwa mbegu za ukwaju. Alizipanga kwenye benchi lake la kazi, akawa anazigusa moja moja kwa kidole, wakati wenzake wawili wanapiga miayo.

Nasema mchezo wangu kwa sababu niliutunga mimi. Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Usoke, kilikuwa kipya, na watu wake walitoka kila mahali. Sisi vijana hatukujuana. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na kuzungumza na watu kulinishinda. Lakini nilikuwa nimesikia nyumbani habari za wapagazi waliopita njia hii zamani. Siku moja nikachukua karatasi ya mfuko wa saruji, nikachora kwa mkaa njia yote: Ujiji, Uvinza kwenye chumvi, mto Malagarasi, kwetu, Tabora, Ugogo, mpaka Bagamoyo.

Kila mchezaji alikuwa mtu ndani ya msafara. Mimi nilisimulia yanayowakuta njiani: mto umefurika, simba ananguruma, mnafanyaje? Wao walisema watakachofanya, kisha wakarusha kauri nne. Kauri zilizoangalia juu ndizo hatua zao, na ndiyo bahati yao. Aliyeshinda hatari alipata pembe ya ndovu. Wakaniita Kirangozi, jina la yule anayetangulia mbele ya msafara. Ukiacha mama, hao watatu ndio watu pekee walioongea nami kwa wiki nzima.

Wa kwanza alikuwa huyo fundi, kijana wa Tabora mjini, aliyeletwa kutengeneza madawati ya shule. Tulicheza kwenye kibanda chake. Wa pili alikuwa Mgogo, mtoto wa mfanyakazi wa reli, ambaye kwangu mimi Mnyamwezi ni mtani. Wa tatu alikuwa msichana wa Kisukuma aliyehamia na wazazi wake na ng'ombe wao kutoka Igunga.

Kosa lilikuwa kwenye sheria yangu. Nilikuwa nimesema kila pembe inampa mwenyewe ruhusa ya kurusha kauri mara ya pili. Basi aliyepata pembe ya kwanza akapata ya pili kwa urahisi, na ya tatu kwa urahisi zaidi. Fundi alipofikisha kumi na moja hakuwa na cha kuogopa duniani.

"Simba huyo hapo, fundi," nilisema.

"Narusha tena," akajibu, hata hajatazama. "Amekufa?"

"Amekufa."

"Kufa kwa simba kumekuwa kama kufa kwa inzi," msichana akasema. "Kaka Kirangozi, mimi Jumapili ijayo nina nguo za kufua."

"Na mimi nitamsaidia kuanika," akadakia Mgogo.

Walicheka, lakini nilijua hawatanii. Nilitembea nyumbani nikiwaza kwamba wakiacha kuja, nitarudi kuwa yule mtu anayepita pembeni ya njia.

Jumapili iliyofuata niliwabembeleza waje mara moja tu, nikaleta sheria mpya. Shuleni tulifundishwa kwamba mali ya kijiji ni ya wote, nami niliamini, na bado naamini. Nikasema: kuanzia leo, kila kitakachopatikana kitaingia ghala la msafara na kugawanywa sawasawa. Msafara ulikuwa umepiga kambi Tabora. Nikauliza nani anaingia porini kutafuta asali.

"Mimi napika," akasema Mgogo.

"Mimi nina homa," akasema msichana.

"Mimi nalinda mizigo," akasema fundi.

"Sasa nani ataingia porini?"

"Ingia wewe, mtani! Sehemu yetu si ileile?"

Msafara ulikaa Tabora alasiri nzima. Mgogo alipika ugali wa kufikirika mara tatu. Nilijifunza hapo kwamba shamba la kijiji ni kitu kingine: kule mvua haingoji na njaa ni ya kweli, kwa hiyo watu wanalima. Kwenye karatasi hakuna njaa. Lazima mtunzi aiweke.

"Nakupa Jumapili moja," msichana akaniambia wakati wa kuondoka. "Nimekuonea huruma tu, kaka."

Wiki hiyo tulikuwa tunavuna tumbaku. Majani mabichi hubebwa kutoka shambani hadi bani, jengo la kukaushia. Siku ya Jumatano nilijitwisha mzigo mkubwa kuliko wote, nionekane mwanamume. Tulikwenda kwa mstari mmoja. Kabla ya nusu ya njia mama alinipita, wakanipita shangazi zangu wawili, kisha akanipita bibi mmoja mwenye mguu mbovu, naye akanipa pole. Nilipofika banini wenzangu walikuwa wamekwisha kunywa uji na sufuria imeoshwa. Nilishusha mzigo, nikaanza kucheka peke yangu. Mama aliniuliza kama jua limenipiga.

Kilichokosekana kwenye mchezo kilikuwa mzigo, basi. Nilikuwa nimechora njia ya wapagazi, mimi mwenyewe mjukuu wa wapagazi, na pembe zangu hazikuwa na uzito!

Niliandika sheria kwa siku tatu, maana mkono wangu ni mzito kwenye kalamu. Mchezaji hubeba vitu vitatu bila taabu. Cha nne kinamla hatua moja, cha tano mbili, na kuendelea. Ghala nililifuta, na ile ruhusa ya kurusha tena niliiondoa kwenye pembe. Kwetu mtu akifanya jambo kubwa hujitungia jina la sifa, akalitamka mbele ya watu ngomani. Basi anayefanya jambo kwa ajili ya msafara atasimama, atatamka jina lake, na jina hilo ndilo litakalompa kurusha tena. Pembe zitahesabiwa Bagamoyo tu, na mwenye nyingi ndiye mshindi.

Jumapili niliwasomea. Fundi alisikiliza, kisha akapiga benchi.

"Sheria hii umenitungia mimi! Unaninyang'anya mali niliyoipata kihalali!"

Zamani ningekunja karatasi nikaondoka. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Sikunyang'anyi, fundi. Zote ni zako. Zibebe."

Mgogo alianguka kwenye maranda kwa kicheko. Fundi alihesabu kwa vidole, akaona kwamba akiwa na pembe kumi na moja hatapiga hata hatua moja mpaka kiama. Alinung'unika, akazika nane Tabora, akashika tatu.

Tukaingia Mgunda Mkali, nchi kavu kabla ya Ugogo, ambayo wapagazi wa zamani waliiogopa kuliko simba. Nilisema: maji yako kisimani, hatua ishirini mbele. Atakayelala njiani siku mbili, yaani zamu mbili bila hatua, hataamka mwenyewe. Hakuna aliyepiga miayo. Msichana alirusha, kauri zote zikaangalia chini. Akarusha zamu ya pili, vilevile.

"Nimekufa?" akauliza. Alikuwa ameshika magoti yake.

"Bado. Mtu akikubeba utapona. Lakini mtu ni mzigo wa vitu vitatu."

Mgogo alikuwa mbali mbele, karibu na kisima. Nyuma alikuwapo fundi peke yake na pembe zake tatu. Alizitazama kwa muda mrefu. Niliogopa, kwa sababu sheria nimeitunga mimi lakini uamuzi haukuwa wangu.

Akaacha mbegu mbili za ukwaju juu ya karatasi, pale pale mchangani. "Nabeba moja na huyu mtoto wa wenye ng'ombe. Hatua moja itakatwa, ikatwe."

Alirusha. Akapata nne, akatembea tatu. Akarusha tena na tena mpaka wakafika kisimani. Ndipo fundi, kijana wa mjini aliyezoea kutucheka kwa ngoma zetu, akapanda juu ya benchi na msumeno mkononi.

"Mimi Msumeno wa Mgunda Mkali! Nimelikata jua vipande viwili, kimoja nimekilalia!"

Wanawake waliokuwa wanapita na ndoo walisimama kumpigia vigelegele bila kujua habari. Alipokaa, Mgogo alikuwa ameshanyoosha kiganja.

"Karibu kwetu Ugogo, bwana Msumeno. Hapa msafara hulipa hongo ndipo upite. Ni pembe moja."

"Ndiyo iliyobaki!"

"Ndiyo ninayoitaka."

Fundi alifika Bagamoyo mikono mitupu, akashindwa na kila mtu. Tulipotoka kibandani alikuwa bado anamsimulia msichana jinsi alivyombeba, kana kwamba hakuwapo.

Jumapili iliyofuata walikuja watu tisa. Nililazimika kusimama na kupaza sauti ili wa nyuma wasikie. Sheria zile zimenakiliwa sasa mpaka vijiji vya jirani, na mwandiko wa kwanza, mbaya kama ulivyo, ni wangu.