Maonyesho Yasiyo na Ng'ombe

Nilirudi Kisumu kutoka Bombay mwishoni mwa miaka ya themanini, nikiwa na diploma ya ubunifu wa samani. Hakuna aliyenisomesha. Nauli niliitafuta mwenyewe kwa kuandika mabango ya maduka kutoka Mamboleo hadi Sondu. Kama miaka ile uliona herufi R yenye mguu uliojinyoosha kama askari wa gwaride, uliona mkono wangu.

Kule Bombay wenzangu walimalizia Jumamosi zao kwenye sinema. Mimi nilizunguka kumbi za maonyesho. Kiingilio hakikuwepo, na ndani kulikuwa na baridi nzuri. Niliona kiti cha chuma kisichoruhusiwa kukaliwa. Niliona matofali yamepangwa sakafuni, na watu waliovaa vizuri wakiyazunguka kimya kama wako matangani. Mara ya kwanza nilicheka hadi mlinzi akaniangalia. Lakini sikuacha kwenda, na baada ya miezi kadhaa nikagundua siri yao. Kitu kiweke juu ya sanduku jeupe, kimulike kutoka upande mmoja, kisha bandika kadi. Kadi ndiyo iliyonifundisha kuliko mwalimu yeyote: jina la kitu, kimetengenezwa kwa nini, na nani. Kitu ulichokipita jana bila kukitazama, ukishasoma kadi yake unasimama. Nilinakili kadi hizo daftari zima, nikaapa kwamba Kisumu nayo itasimama.

Nyumbani, baba yangu mdogo alikuwa amenitafutia meza ya ukarani katika kiwanda cha sukari. Nikamwomba anipe wiki moja nifanye maonyesho yangu kwanza.

"Fanya hiyo mchezo yako ya viti," akasema. "Watu wasipokuja, Jumatatu unaingia kiwanda, na sitaki maneno."

Nikakubali. Nilijiamini, na nilikuwa na haki ya kujiamini. Nilikuwa na viti vya mvule nilivyovifuma kwa nyavu kuukuu za wavuvi, na taa nilizozitengeneza kwa migono, ile mitego ya samaki ya kusuka. Nilikodi ukumbi kwa siku tatu, Alhamisi hadi Jumamosi. Nikamwandikia mtu wa kipaza sauti tangazo zuri la mistari minane kuhusu sanaa na ubunifu wa kisasa, azunguke nalo masokoni.

Siku ya kwanza waliingia watu sita. Wa mwisho, mzee mwenye gumbuti za mpira miguuni, aliutazama ukumbi wote kisha akaniuliza, "Ng'ombe iko wapi?"

"Ng'ombe gani, mzee?"

"Si wamesema maonyesho? Maonyesho bila ng'ombe ni ya nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu wa kipaza sauti aliona mistari yangu minane ni mirefu, akaikata ikawa, "Maonyesho makubwa Kisumu! Njooni wote!" Na kwetu, ukisema maonyesho, mtu anaona fahali waliooshwa, maboga makubwa, na jaji mwenye utepe wa mshindi. Usiku ule nililala nikiiona meza ya kiwanda.

Ijumaa asubuhi nilipofika, msimamizi wa ukumbi, mzee mmoja mcheshi kutoka Nyeri, alikuwa amesimama mlangoni ameshika kiuno.

"Kijana, njoo uone watu wako. Mmoja ako na jogoo."

Foleni ilifika barabarani. Walikuwa wameteremka kwenye mabasi ya Katito na Sondu na vitu vya kushindanishwa: vikapu, vigoda, mkuki, mkeka, na kweli, jogoo. Mbele kabisa alisimama mama mmoja wa Katito na chungu kikubwa alichokifunga kwa leso kama mtoto.

"Jaji ni nani?" akauliza.

Ningeweza kuwaeleza tofauti. Mtu mdogo angewaeleza, wakarudi makwao, naye akabaki na ukumbi mtupu na heshima yake. Mimi nilisema, "Jaji ni mimi, mama."

"Uko na diploma ya vyungu, nyathina, mwanangu?"

"Niko na diploma ya vitu vyote vinavyotengenezwa kwa mkono."

"Haya. Usiangushe yangu."

Nikakiweka juu ya sanduku jeupe, nikageuza taa, nikaandika kadi. Chungu. Udongo wa Nyakach, moto wa kuni. Kisha jina lake kamili, kwa herufi zangu bora. Alilisoma polepole, akalisoma tena, akaenda kumwita dada yake aje alisome. Baada ya hapo hapakuwa na mtu aliyetaka kuondoka bila kadi. Hata jogoo aliipata: Manyoya, kucha na kiburi cha Sondu. Mwenye jogoo alikaa naye mapajani kwenye kiti changu cha nyavu. Kule Bombay mlinzi angempigia filimbi. Mimi nilimwacha akae, na watu wakaona kiti kinabeba mtu mzito bila kulia.

Jumamosi mchana walidai namba moja. Nilizunguka nimefunga mikono mgongoni kama wale mabwana wa kumbi za ng'ambo, nikautoa utepe kwa chungu cha Katito. Kilikuwa na mstari wa shingo ambao mimi, pamoja na diploma yangu, sijawahi kuupata. Namba mbili nilivipa viti vyangu, na hakuna aliyebisha.

Baba mdogo alifika wakati wa vigelegele. Alisukumana hadi mbele, akakuta meneja wa hoteli moja ya mjini akipima urefu wa kiti changu kwa shubiri na kuniuliza kama naweza kumtengenezea ishirini.

"Sasa niwaambie nini watu wa kiwanda?" baba mdogo akaniuliza.

"Waambie nimepata kazi."

"Kazi gani?"

"Huyu ni jaji, bwana," mama wa Katito akamjibu, utepe ukining'inia begani. "Hujui kusoma kadi?"

Jumatatu ile meza ilikaliwa na mtu mwingine. Saa mbili asubuhi mimi nilikuwa nimeshachana ubao wa tatu wa mvule, na baba mdogo ndiye aliyenishikia upande wa pili.