Kivumbasi cha Paani

Mwaka ule wa corona Kariakoo nzima ilinukia majani. Kila mtu alikuwa bingwa wa kupiga nyungu: unachemsha majani, unajifunika blanketi na sufuria yako, unavuta mvuke mpaka unajuta kuzaliwa. Mimi ni mwoga, sifichi. Duka langu la vitenge lilikuwa limedoda, usingizi umenihama, na mtu akikohoa kule mtaa wa Gerezani, mimi huku Msimbazi napiga ishara ya msalaba.

Asubuhi moja muuza majani wa mtaani kwetu aliishiwa. Nikakumbuka kwamba juu ya paa la jengo letu kuna kivumbasi kimestawi ndani ya ndoo ya rangi. Nikapanda na kisu, nikakikata chote, nikabakiza kisiki cha urefu wa kidole. Mume wangu nikamwingiza kwenye blanketi kwa nguvu. Alitoka amelowa jasho, macho mekundu.

"Mke wangu," akasema, "corona itaniacha, wewe ndiye utakayeniua."

Kesho yake nikasikia kilio kutoka paani, nikakimbilia huko. Ba alikuwa amesimama mbele ya ndoo, machozi yanamtoka. Jengo zima tulimwita Ba, yaani bibi kwa Kigujarati. Jirani akaninong'oneza kwamba kile hakikuwa kivumbasi, bali tulsi, mmea ambao Wahindu wanauheshimu na kuuabudu. Ba alikuwa mjane, wanawe wote wako ng'ambo, na ndege zilikuwa hazitui. Kupanda paani kila asubuhi kuumwagilia mmea ule ndiko kulikomtoa kitandani.

Masikio yaliniwaka kwa aibu.

"Shikamoo, Ba. Labda ni panya."

"Marahaba." Akakiinamia kisiki, kimekatwa sawasawa. "Panya wa Kariakoo siku hizi wanatembea na visu?"

Siku mbili Ba hakutoka chumbani. Ya tatu nikashindwa kuvumilia, nikamgongea mlango.

"Ba, twende tukakimwagilie kile kisiki."

"Kimeshakufa."

"Twende hivyo hivyo."

Tukaenda. Na kesho yake, na keshokutwa. Kila alfajiri tulipanda tumeachana hatua mbili, barakoa usoni, mimi nimebeba maji kama mfungwa. Nilikwenda kulipia dhambi yangu tu. Lakini kule juu kulikuwa na upepo ambao haukuwa umepita puani kwa mtu yeyote, udongo ulinukia vizuri ukishalowa, na kunguru waligombana bila habari na corona. Siku moja nikagundua kwamba nimelala usiku kucha. Mume wangu alifurahi kuliko mimi, maana blanketi lilirudi kuwa la kujifunikia usiku, si la nyungu.

Wiki kadhaa baadaye kisiki kilitoa jani moja, dogo kama punje ya mchele. Ba akapiga makofi. Mimi nikaangua kilio na kuungama yote, kisu, sufuria na blanketi.

"Najua," akasema. "Siku ile ngazi nzima ilinukia tulsi, na wewe ulinukia kuliko ngazi."

"Sasa mbona hukusema, Ba?"

Akaligusa lile jani kwa ncha ya kidole.

"Ningesema, ungeomba radhi, ningekusamehe, yakaisha. Halafu nani angenigongea mlango?"